Mbwa Mchanga na Misimu ya Uoga

Mbwa wengi wachanga hupitia, katika mwaka wao wa kwanza, muda mmoja au zaidi ambapo uoga huwapanda ghafla bila sababu inayoonekana, hata mnyama aliyekuwa akimpokea kila mgeni getini kwa kutikisa mkia akaanza kurudi nyuma, kujificha uvunguni mwa gari, au kulibwekea karai ambalo limekaa mahali pale pale tangu azaliwe. Wenye mbwa hulieleza badiliko hilo kwa njia nyingi: kwamba amepigwa na watoto wa jirani, kwamba uzao wake ni dhaifu, au kwamba amedekezwa mno. Huenda moja ya sababu hizo ikawa kweli kwa mbwa fulani, lakini kwa walio wengi chanzo ni ukuaji wenyewe, kwa kuwa ubongo wa mbwa hauupokei ulimwengu kwa mwendo mmoja, bali una nyakati za kukaribisha na nyakati za kutilia shaka. Wataalamu wa tabia za wanyama huziita nyakati hizo za pili vipindi vya uoga, na namna mwenye mbwa anavyomvusha mnyama wake humo ndiyo inayoamua, kwa kiasi kikubwa, kama boma litapata mlinzi mtulivu au mnyama anayetisha watu wote huku yeye mwenyewe akiogopa kuliko wote.

Mtoto wa mbwa huzaliwa haoni wala hasikii. Macho yake hufunguka kati ya siku ya 10 na ya 14 hivi, na katika wiki ya 3 masikio nayo huzibuka, ndipo anapoanza kushtuliwa na sauti na kutembea bila kuyumba sana. Kuanzia hapo hadi wiki ya 12 au ya 14 anakuwa katika kile kinachoitwa kipindi nyeti, yaani muda ambao yale anayokutana nayo mara kwa mara bila kudhurika, wawe ni watu, wanyama, sauti au sakafu ya aina fulani, hujiandika akilini mwake kuwa ni mambo ya kawaida ya dunia. Muda huo ukipita, jambo geni halihesabiwi tena kuwa la kawaida mpaka lithibitishwe; huhesabiwa kuwa la hatari mpaka likanushwe. Tofauti kati ya hali hizo mbili ni kubwa kuliko inavyodhaniwa na wengi wanaomchukua mbwa akiwa na miezi 5 au 6 kwa kuamini kwamba wamemchukua akiwa bado mdogo.

Ujuzi huu haukutokana na uzoefu wa wafugaji peke yake. Kuanzia mwaka 1945 John Paul Scott, na baadaye pamoja naye John L. Fuller, waliongoza uchunguzi wa miaka mingi katika maabara ya Jackson iliyoko Bar Harbor, katika jimbo la Maine nchini Marekani, wakifuatilia ukuaji wa mbwa wa koo tano tangu kuzaliwa, na matokeo yake wakayachapisha katika kitabu cha mwaka 1965 ambacho hadi leo hakijapoteza heshima yake. Mmojawapo wa koo hizo ulikuwa basenji, mbwa wa kuwindia ambaye asili yake ni misitu ya Kongo na ambaye habweki kama mbwa wengine. Watoto wa basenji wenye umri wa wiki 5 walionekana kuwa wakali na waoga kuliko wenzao wa koo za Ulaya, kwani walikimbia waliposhikwa na walijaribu kuuma walipobanwa pembeni, lakini waliposhikwashikwa kila siku kwa upole walizoea haraka sana. Hapo watafiti walijifunza jambo lenye uzito kwa mfugaji yeyote: kwamba uoga wa mtoto wa mbwa una mzizi katika damu, na papo hapo unaweza kulegezwa na mikono ya watu ikiwa mikono hiyo imewahi.

Jaribio lililoonyesha maana ya kuwahi lilichapishwa mwaka 1961 na Freedman, King na Elliot, waliolifanya katika maabara hiyo hiyo. Waliwaweka watoto wa mbwa pamoja na mama zao katika viwanja vilivyozungushiwa uzio mrefu, chakula kikiingizwa bila wao kumwona mtu, kisha wakawatoa kwa makundi, kila kundi katika umri wake, wengine wakiwa na wiki 2, wengine 3, 5, 7 au 9, wakawaweka na watu kwa wiki moja tu kabla ya kuwarudisha uwanjani. Wale wa wiki 3 walimwendea mtu mara moja, wale wa wiki 5 walisita kidogo kwanza, na wale wa wiki 7 na 9 walihitaji muda mrefu zaidi kabla ya kusogea. Lakini wale walioachwa bila mtu yeyote hadi wiki ya 14 walikuwa kama wanyama wa porini, na mmoja wao aliyeshughulikiwa kwa bidii baada ya hapo alibadilika kidogo tu. Inafaa kuangalia kwamba waliofaidika walipata wiki moja tu ya kuwa na watu, kwa hiyo mtoto wa mbwa hahitaji kushikwa kutwa kucha. Anahitaji kushikwa kwa wakati wake.

Kwa nini mlango wa kipindi hicho nyeti ufungwe, ilhali ungeweza kubaki wazi maisha yote? Jibu linapatikana kwa jamaa za mbwa walioko porini. Mtoto wa mnyama anayeishi karibu na maadui hana budi kuwa mdadisi akiwa bado pangoni chini ya ulinzi wa mama, na kuwa mwenye shaka mara anapoanza kwenda mbali kwa miguu yake, kwa maana asiyeogopa kitu kigeni huko nje huliwa. Mbwa-mwitu wa kaskazini huanza kutembea na kuchunguza akiwa na wiki 2 tu, kabla ya kuona wala kusikia vizuri, ndiyo maana dunia yake ya mazoea ni finyu. Mbwa huchelewa kuanza kuchunguza hadi karibu wiki ya 4, na kuchelewa huko humpa nafasi ya kuwakubali binadamu, mbuzi na kuku kuwa wa nyumbani. Wanasayansi wa Novosibirsk nchini Urusi, waliochagua mbweha wapole na kuwazalisha kizazi baada ya kizazi kuanzia mwaka 1959 chini ya Dmitri Belyaev, waliona jambo linalofanana: mbweha wa kawaida huanza kuonyesha uoga akiwa na wiki 6 hivi, na wale wa uzao mpole huchelewa hadi wiki 9 au zaidi, pamoja na kuchelewa kwa kupanda kwa homoni ambazo mwili huzimwaga unapokabiliwa na hatari. Kwa hiyo kumfuga mnyama, katika maana hii, ni kuusogeza mbele uoga wake.

Ndani ya kipindi nyeti chenyewe kuna sehemu yenye makali ya pekee, ambayo kwa mbwa wengi huangukia kati ya wiki ya 8 na ya 10. Wakati huo mtoto wa mbwa bado anajifunza kwa wepesi mkubwa, lakini wepesi huo hauchagui, na tukio moja la maumivu au la kutisha sana linaweza kushikamana na kitu, mtu au mahali kwa muda mrefu. Fox na Stelzner walilionyesha hilo mwaka 1966 walipoona kwamba watoto wa mbwa walioumizwa wakiwa na wiki 8 walimkwepa mtu aliyehusishwa na maumivu hayo kuliko walioumizwa mapema au baadaye kuliko hapo. Tarehe hizi si za kushikiliwa kama kalenda, kwa kuwa utafiti wa mwaka 2015 ulikuta kwamba watoto wa mbwa wa kijerumani wa kuchunga huanza kukwepa mambo mageni mapema kuliko wale wa ukoo mdogo wa Cavalier, na mbwa wa mitaani wa Afrika Mashariki, ambao damu yao imechanganyika, hawawezi kutarajiwa kufuata ratiba moja. Tatizo ni kwamba wiki hizo ndizo ambazo mtoto wa mbwa hutolewa kwa mama, hutiwa ndani ya boksi au gunia, husafirishwa kwa basi au bodaboda, na siku ya pili hupelekwa kuchomwa sindano. Safari na sindano haviepukiki, ila hakuna ulazima wa kuvifanya siku mbili mfululizo, na daktari wa mifugo mwenye busara hatakataa kumpa mbwa kipande cha nyama mezani kabla ya sindano, wakati wa sindano na baada yake.

Kipindi cha pili huja na balehe, mahali fulani kati ya mwezi wa 6 na wa 14, mapema kwa mbwa wa umbo dogo na baadaye kwa wale wakubwa. Ushahidi wake si imara kama ule wa kipindi cha kwanza, na sehemu kubwa yake imetokana na maelezo ya wafugaji na wakufunzi, ila ni jambo lililothibitika kwamba mbwa wa umri huo hubadilika. Lucy Asher na wenzake wa Chuo Kikuu cha Newcastle nchini Uingereza walichapisha mwaka 2020 utafiti juu ya mbwa waliokuwa wakiandaliwa kuongoza vipofu, wakaona kwamba mbwa wa miezi 8 huwa mzito kutii amri ya mlezi wake kuliko alivyokuwa akiwa na miezi 5, huku akimtii mgeni bila shida. Mzazi mwenye kijana nyumbani hatahitaji kufafanuliwa hilo. Hatari ya umri huu ni kwamba mbwa amekwisha kuwa na mwili mkubwa na meno ya kudumu, hivyo hofu ambayo zamani ilimfanya akimbie sasa inaweza kumfanya ajaribu kumtimua yule anayemwogopa, na mwenye mbwa, akidhani kwamba mnyama wake ameanza kuota kiburi, huongeza fimbo wakati ambapo fimbo ndiyo itakayothibitisha kwamba mbwa hakukosea kuogopa.

Kabla ya kumsaidia ni lazima hofu yake itambuliwe, na hofu ya mbwa haianzi kwa kunguruma. Huanza kwa ishara ndogo ambazo macho ya haraka huzipita: analamba pua ilhali hana chakula mbele yake, anapiga miayo bila usingizi, anainua mguu mmoja wa mbele na kuuacha ukining'inia, anageuza uso lakini macho yanabaki yakimfuata mtu, hata weupe wa jicho ukaonekana kama hilali pembeni. Mkia unaofyatwa na masikio yanayolala nyuma huja baadaye, na mbwa anayekataa kipande cha nyama alichokuwa akikililia dakika tano zilizopita amekwisha kuvuka mpaka ambao ndani yake anaweza kujifunza. Kukataa chakula ni kipimo kizuri kuliko vyote kwa sababu hakihitaji utaalamu wowote. Mbwa anayekula anafikiri. Aliyeacha kula anajiokoa.

Njia ya kumzoesha imetokana na kazi iliyofanywa kwa binadamu. Mwaka 1924 Mary Cover Jones alieleza jinsi alivyomsaidia mtoto mdogo aliyewaogopa sungura, kwa kumsogeza sungura karibu kidogo kidogo wakati mtoto akila chakula alichokipenda, mpaka akafikia kumgusa mwenyewe. Joseph Wolpe, daktari kutoka Afrika Kusini, aliiendeleza njia ya jamii hiyo katika miaka ya 1950, na leo wataalamu wa mbwa hutumia mambo mawili kwa pamoja: kuzoesha kwa hatua, yaani kulileta jambo la kutisha likiwa dogo au mbali kiasi cha kutoamsha hofu, na kugeuza maana, yaani kulifanya jambo hilo kuwa dalili ya kitu kizuri kinachokuja.

Mfano wa mbwa wa miezi 3 anayeziogopa bodaboda unatosha kuonyesha namna kazi yenyewe ilivyo. Mlezi huchemsha mapupu au maini, huyakata vipande vidogo kama punje ya hindi, kisha hukaa na mbwa ndani ya ua, mbali na geti kiasi kwamba pikipiki ikipita mbwa anasimamisha masikio lakini haachi kula. Mlio unapoanza kusikika, kipande kinatolewa, kisha kingine, mpaka mlio upotee, na hapo nyama inakoma. Mpangilio huo haupaswi kupinduliwa, kwa sababu nyama ikitangulia kabla ya mlio, mbwa mwenye akili atagundua upesi kwamba nyama ndiyo inayotangaza pikipiki, na ataanza kuiogopa nyama yenyewe. Dakika kumi zinatosha kwa siku. Itakapofika siku ambayo mbwa, akisikia mlio, anamgeukia mlezi wake kwa matumaini, ndipo hatua chache zinapoongezwa kuelekea getini, na akionyesha kusita zinapunguzwa bila lawama. Kinyume cha njia hii ni kumfunga mbwa kando ya barabara ili "azoee", jambo ambalo wengi huliona kuwa la kiume na la haraka. Mbwa huyo hatimaye hunyamaza, lakini kimya chake ni cha kukata tamaa, na hofu yake hujitokeza upya mahali pengine.

Kuna imani iliyoenea hata miongoni mwa wakufunzi kwamba mbwa mwoga asibembelezwe, kwa hoja kwamba kubembelezwa ni kutuzwa na uoga utaongezeka. Hoja hiyo inachanganya tendo na hisia. Kumrukia mgeni ni tendo, nalo hukua likituzwa. Hofu si tendo la hiari, na hakuna kiumbe anayechagua kuogopa zaidi kwa sababu alifarijiwa. Mlezi anayeketi karibu, anayesema kwa sauti ya kawaida na kumwacha mbwa ajiegemeze kwake hana anachokiharibu. Kinachoharibu ni kumshikilia kwa nguvu, au mlezi kuingiwa na taharuki yeye mwenyewe. Mambo mengine, kama radi za masika juu ya paa la bati au fataki za mkesha wa Mwaka Mpya, hayawezi kupunguzwa sauti wala kusogezwa mbali, na kwa hayo msaada unaofaa ni kumwandalia mbwa mapema kona yenye giza, boksi lenye shuka juu yake, redio inayozungumza, na ruhusa ya kukaa humo hadi atakapotoka kwa hiari yake.

Desturi inayostahili kukosolewa bila kumung'unya maneno ni ile ya kumfungia mtoto wa mbwa bandani mchana kutwa tangu akiwa na wiki chache, asione watu isipokuwa anayemletea ugali, na kumfungulia usiku, kwa nia ya kumfanya awe mkali. Clarence Pfaffenberger, aliyeshughulika na kuandaa mbwa wa kuongoza vipofu huko California, aliona kwamba watoto wa mbwa walioachwa bandani kupita wiki ya 12 bila kupelekwa kwenye nyumba za watu walishindwa mafunzo kwa wingi baadaye, ingawa walikuwa wa uzao mzuri. Banda halileti ujasiri. Huleta mbwa asiyeweza kumtofautisha mwizi na mjukuu aliyekuja likizo, kwa kuwa wote wawili ni wageni kwake, na meno yake huishia mara nyingi kwa yule aliye mfupi na mwenye mbio. Katika nchi ambazo kichaa cha mbwa bado kinaua, ugonjwa ambao kwa hesabu ya Shirika la Afya Duniani hadi asilimia 99 ya maambukizo yake kwa binadamu hutoka kwa mbwa, mbwa asiyeshikika kwa hofu ana ubaya wa pili: siku ya chanjo hapatikani. Mlinzi mzuri ni yule aliyeona watu wengi mno utotoni hata akajua mtu wa kawaida anavyoenenda, ndipo anapoweza kumshuku asiye wa kawaida.

Katika mwambao, ambako Waislamu wengi hufuata madhehebu ya Shafi na kuyahesabu mate ya mbwa kuwa najisi, mbwa hukaa nje na hashikwishikwi ovyo, wala hakuna katika kazi hii kinachodai aingizwe ndani. Nyama inaweza kurushwa chini, sauti inaweza kumfikia kutoka barazani, na mtoto wa mbwa aliyefungwa kwa kamba ndefu kivulini, mahali anapowaona wapitao bila kufikiwa nao, anajifunza karibu yote anayohitaji kujifunza.

Ugumu wa kweli ni chanjo. Mtoto wa mbwa huanza kuchanjwa dhidi ya parvo, ugonjwa wa kuhara damu unaoua haraka, akiwa na wiki 6 hadi 8, na chanjo hurudiwa kila baada ya wiki 3 au 4 mpaka afikishe wiki 16 hivi, yaani kipindi nyeti huwa kimekwisha kabla kinga haijakamilika. Madaktari wa mifugo wa Marekani wanaoshughulikia tabia za wanyama walitoa tamko mwaka 2008 wakikubali kwamba mbwa aanze kukutana na wenzake na watu tangu wiki ya 7 au ya 8, mradi awe amechanjwa mara moja angalau siku 7 kabla na kupewa dawa ya minyoo, kwa hoja kwamba kwa mbwa walio chini ya miaka 3 matatizo ya tabia huua kuliko maambukizo. Ushauri huo ulitolewa kwa nchi ambayo mbwa wengi wamechanjwa. Katika mitaa ambayo mbwa wasiochanjwa huzurura na kinyesi chao hakiondolewi, mtoto wa mbwa asikanyage ardhi wanayopita, bali abebwe mikononi au kwenye kikapu hadi sokoni, kituo cha daladala na nyumba za marafiki wenye mbwa wazima waliochanjwa, kwa kuwa macho, pua na masikio hayahitaji miguu ili kujifunza.

Si kila hofu ni ya ukuaji. Mbwa aliyebadilika kwa siku moja tu, hasa anayekataa kuguswa mahali fulani pa mwili, apelekwe kwanza kwa daktari wa mifugo, kwa sababu maumivu ya sikio au nyonga hujionyesha kama uoga. Wapo pia waliozaliwa nayo kwa kiwango kisichopungua: Oddist Murphree na wenzake huko Arkansas walizalisha kwa miaka mingi uzao wa mbwa wa kuwindia waliokakamaa kwa hofu kila walipokaribiwa na mtu, hata pale walipolelewa sawasawa na wenzao wa uzao mtulivu. Mbwa wa namna hiyo, akiwa amefikisha mwaka mmoja na nusu na hajalegea licha ya uvumilivu wote, apewe maisha yenye wageni wachache na njia ya kujiondoa wanapokuja, asipewe kazi ya getini, na asizalishwe.